Kundi la Tatu

Nyumbani, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Viatu vimenienea, asante sana. Mama anasema ukiendelea hivi nitakataa kuvaa vya sokoni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sisemi kitu, unajua mwenyewe. Na simu yenyewe ni ya Mama, na Mama hupokea kwa spika, hata jirani akitaka kuchangia anachangia. Ukinijibu tumia sanduku la shule kama siku zote. Mwalimu wa zamu hunipa barua mkononi na haulizi.

Juzi watu wa kliniki walikuja huku kwenye mabanda ya mafundi. Walikuwa wanatafuta waliofikisha miaka arobaini na mitano, wawajaze fomu za kansa ya utumbo mpana. Fomu zenyewe zimeandikwa kwa lugha ya ofisini, na nesi alikuwa mmoja, mafundi ishirini wanamsubiri na gundi inakauka. Akasema mwenye mtoto anayesoma, mtoto amjazie. Baba akanisukumia yake. Akatangaza, "Huyu ndiye mwenye lugha hapa. Mimi ninazo mbili tu, ya nyundo na ya sindano." Redio akacheka mpaka akaangusha randa. Redio ni seremala wa banda la pili, yule anayemtengenezea Baba fremu za makochi. Baba alimpa jina hilo kwa sababu hazimwi. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana linakurudia limeshanenepa.

Basi nikajaza. Maswali ni manne tu. Nesi akajumlisha alama, akampa Baba kadi ya kijani: Kundi la Tatu, rudi baada ya miaka mitano. Redio kapewa ya njano kwa sababu ya sigara zake na mwili wake, akalalamika kwamba siku hizi hata ugonjwa una upendeleo. Baba kaibandika kadi yake ukutani juu ya cherehani. Mteja akija kuchagua kitambaa anaonyeshwa kadi kwanza.

Chini ya fomu, kwenye orodha ya walioiandaa, nimeona jina lako. La tatu kutoka juu. Sikumwambia mtu. Nilifurahi tu kimoyomoyo.

Shangazi, hivi mtu akikosea swali moja, kadi inabadilika? Nauliza tu.

Mwanao,
Kimya


Ofisini, 24 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kikaoni, nimeificha chini ya ripoti ya bajeti. Ilikuwa na maana kuliko ripoti.

Kwa kuwa umeuliza, nitakujibu kama mtu mzima. Mashine ya kamera, ile inayoingizwa kuangalia utumbo, tunayo moja kwa mkoa mzima. Inapima watu sita kwa siku, umeme ukiwepo. Tungesema kila mwenye miaka arobaini na mitano apigwe kamera, foleni ingefika miaka tisa, na wagonjwa wenyewe wangefia humo huku wazima wakipimwa mbele yao. Kwa hiyo tukagawa watu. Kadi nyekundu ni Kundi la Kwanza, hao wanakwenda kwenye kamera ndani ya wiki mbili. Njano wanapimwa choo kila mwaka, kipimo rahisi, na kikionyesha kitu ndipo wanapelekwa kwenye kamera. Kijani wanasubiri. Walio chini ya umri huo hatuwagusi, isipokuwa wenye ugonjwa huu katika ukoo. Kwa pesa zile zile tunawapata wagonjwa mara mbili zaidi ya kupima ovyo. Tumepiga hesabu hiyo miaka miwili, nikaipigania mbele ya watu ambao hata neno utumbo walikuwa wanaona haya kulitamka.

Na makosa tumeyahesabu pia. Tumeweka kwamba watu wanane katika kila mia watajibu visivyo. Hesabu inawabeba, haianguki.

Kaka yangu na kadi ya kijani, nimecheka peke yangu. Mwambie asijivune, hata kamera si kitu cha kutisha. Mimi nilipigwa mwaka juzi, haiumi. Kinachochosha ni ile dawa ya kusafisha tumbo, unahamia chooni na kitabu chako.

Swali la tatu, la ukoo, mliandika nini? Nauliza tu.

Shangazi yako


Nyumbani, 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Swali la ukoo tuliandika hapana. Nilimsomea Baba: je, mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja amewahi kuugua kansa ya utumbo? Akasema, "Baba yetu alikufa kwa vidonda vya tumbo, mama kwa uzee, na shangazi yako ni mzima anatutumia viatu. Andika hapana."

Huku hakuna jipya. Baba kajishonea mto wa kukalia, sponji ngumu, kautoboa tundu katikati kama kitumbua kilichoshindikana. Mama anamwita mfalme, anasema kila mfalme ana kiti chake. Baba anasema fundi wa makochi kuwa na kiti kibaya ni aibu ya taaluma. Lakini hata mto huo haukalii sana. Siku hizi anapiga misumari amesimama. Mkanda wa suruali kautoboa tundu jipya kwa msumari huo huo.

Nimekuwa wa nne darasani. Lugha ya ofisini nimekuwa wa kwanza.

Kimya


Ofisini, 2 Aprili

Kimya,

Hongera kwa masomo.

Mwambie baba yako arudi kliniki aombe kipimo cha choo. Asingoje miaka mitano. Usimwambie ni mimi niliyesema, mwambie umesoma shuleni kwamba mwanaume wa umri wake hapungui hivi hivi. Fanya hima.

Shangazi yako


Nyumbani, 20 Aprili

Shangazi,

Sikuweza.

Nilimpelekea chai bandani. Nikasimama pale, yeye ameshika stepla, na maneno yote nilikuwa nimeyapanga tangu shuleni, hata nimeyafanyia mazoezi njiani. Akaniuliza, "Unasemaje, mama?" Nikasema sukari imeisha nyumbani. Akanipa pesa ya sukari. Sasa tuna sukari ya mwezi mzima.

Nitakuambia jambo, na ukimaliza kusoma unichukie tu, nitaelewa.

Swali la pili sikumsomea Baba.

Swali la pili linasema, je, umewahi kuona damu ukienda haja kubwa? Nililisoma kwa macho nikahisi masikio yanawaka. Redio amekaa pale kwenye kigoda, mafundi wengine wamezunguka, nesi anatazama saa. Nimwulize baba yangu habari za choo chake, mimi, mbele ya watu? Hata tungekuwa wawili tu nisingeweza. Mimi namwonea Baba haya hata kumwambia naumwa tumbo, namwambia Mama ndiye amwambie. Nikamsomea la kwanza, la umri, kisha nikarukia la ukoo. La pili nikatia alama mwenyewe: hapana.

Ingekuwa hivyo tu ningesema ni utoto. Lakini mimi ndiye ninayefua nguo, Shangazi, tangu Mama aanze kuumwa mgongo. Nguo za Baba nazifua mimi. Tangu Desemba nilikuwa naona madoa. Mara ya kwanza nikadhani ni rangi ya kitambaa, alikuwa anavisha kochi jekundu wiki ile. Kochi likaondoka, rangi haikuondoka. Nikajiambia ni bawasiri, watu wa kukaa sana hupata. Nikawa naloweka zake kwenye ndoo ya peke yake ili Mama asione, kwa sababu niliona Baba mwenyewe anazikunja kwa ndani, hataki zionekane. Nilidhani namsitiri.

Kwa hiyo si kwamba sikujua jibu. Nilijua ni ndiyo, nikaandika hapana. Wewe unasema wanane katika mia. Mimi ni yupi kati yao?

Kimya


Nyumbani kwangu, 6 Mei

Mwanangu,

Sikuchukii. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne nilikuwa najisoma mwenyewe.

Babu yako hakufa kwa vidonda vya tumbo. Alikufa kwa kansa ya utumbo mpana, na alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Daktari alisema kwa lugha ya ofisini, na chumbani pale aliyekuwa nayo ni mimi peke yangu. Mama amekaa upande huu, baba yako kasimama mlangoni na vumbi la sponji kichwani, wote wananitazama mdomo. Babu alikuwa ameshaelewa, sijui vipi. Akanikamata mkono akasema, "Waambie ni vidonda." Alikuwa anaona aibu. Ugonjwa wa sehemu ile, kwa mtu kama yeye, mwenye suruali ya pasi. Nikageuka nikawaambia ni vidonda. Miaka ishirini na minne sijageuka tena.

Na swali la tatu nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Najua lina alama ngapi. La pili na la tatu yakijibiwa ndiyo, mtu anapata kadi nyekundu pale pale, na Machi kaka yangu angekuwa ameshapimwa.

Fomu haijazwi upya kabla ya mwaka kwisha. Hilo nalo nililiandika mimi, kwa sababu mikoa ya jirani watu walianza kudanganya ili wapate kamera. Lakini mwenye damu hahitaji fomu. Akienda mwenyewe kwa daktari akasema kwa kinywa chake, naona damu na baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu, atapelekwa. Lazima aseme yeye. Na ili aseme, lazima ajue.

Nimeshika simu mara tatu. Mama yako akapokea, tukasalimiana, spika ikasalimiana na mtaa mzima, nikakata. Ndani ya barua hii kuna bahasha ya baba yako, nimeifunga kwa gundi. Mpe mkononi. Usiifungue.

Hesabu yetu tuliipa kila kitu safu yake: umri, moshi, uzito, umbali wa kliniki, hata siku za umeme kukatika. Aibu hatukuipa safu. Wala hakuna aliyeuliza.

Shangazi yako


Nyumbani, 11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha nimempa Baba. Kaiweka mfuko wa shati, akasema ataisoma akipata nafasi. Usiwe na wasiwasi.

Mitihani imeanza. Samahani kwa kuandika kifupi.

Kimya


Ofisini, 28 Juni

Mwanangu,

Asante. Umenitua mzigo ambao sikutakiwa kukutwika.

Hajanipigia wala hajaniandikia. Namjua kaka yangu, akikasirika hufunga banda na watu wote nje. Tulipokuwa wadogo alininunia mwezi mzima kwa ajili ya baiskeli. Ana haki. Sitamsumbua, nitamwacha anune, mradi aende kwa daktari. Ukiona amekwenda niandikie neno moja tu.

Shangazi yako


Hospitali, ukumbi wa kusubiri, 30 Julai

Shangazi,

Mama ameshakupigia, kwa hiyo unajua. Wewe umesikia kwa spika. Mimi nilikuwepo.

Alikuwa anavuta kitambaa cha kochi la watu watatu, lile la mwalimu mkuu. Kinavutwa kwa mikono miwili na goti. Akasema "ah," kidogo tu, kama mtu aliyesahau kitu, akainamia kochi. Redio alimbeba. Utumbo ulikuwa umeziba kabisa. Wamempasua, wamekata walichoweza, na daktari alipotoka kuzungumza alizungumza kwa lugha ya ofisini. Mama akanitazama mdomo.

Nilimwambia kila kitu, Shangazi. Neno kwa neno. Kwamba imefika kwenye ini. Nilisema kwa sauti mpaka watu wa benchi la nyuma wakageuka. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusema kwa sauti, na ilikuwa hiyo.

Sasa lingine. Bahasha sikumpa.

Ilikaa kwenye atlasi yangu, ukurasa wa bahari, toka Mei. Kila siku nilisema kesho. Nilidhani umemwandikia habari zangu, za nguo na swali la pili. Nilikuwa silali kwa hofu ya uso wa Baba akisoma kwamba mwanawe alijua. Nikakudanganya kwamba nimempa. Nimempa leo, wodini, imechakaa kona. Aliniambia nimsomee, macho yake hayakai sawa kwa dawa. Kwa hiyo niliifungua, na nikaisoma yote, kurasa mbili.

Hukunitaja hata mara moja.

Nilikuwa naogopa barua ambayo haipo.

Nikamaliza kusoma, nikamwambia na la kwangu. Yote, mpaka ndoo. Akaniomba kalamu na karatasi, akasema nitoke nje.

Kimya


Wodi ya wanaume, 30 Julai

Dada,

Mwandiko mbaya, nimelala chali kama kochi lisilo na miguu.

Kwanza mtoto. Usimlaumu na usimwache ajilaumu. Damu niliiona kabla yake. Angenisomea lile swali mbele ya Redio, ningesema hapana, tena kwa sauti. Kesho yake mtaa mzima ungejua ninavyokwenda chooni, nani atakuja kununua kochi kwangu? Kwa hiyo aliporuka swali alinisaidia tu uongo wangu. Mwambie nimesema hivyo. Nimemwambia mwenyewe lakini ananitazama tu.

La pili ni lako. Mimi niliacha shule darasa la saba nikashika nyundo ili wewe uendelee. Sikusema kitu wakati ule na sisemi sasa kwa kukusimanga. Nilikuwa napiga misumari, nasema moyoni, hii ni kalamu ya dada, hii ni ya sare. Nilitaka mmoja wetu aipate hiyo lugha yao ili tusidanganywe. Ukaipata. Na aliyenidanganya kwayo ni wewe.

Kuhusu damu ningekataa, nakubali. Lakini kuhusu Baba nisingekataa. Kusema baba yangu alikufa kwa ugonjwa fulani si aibu yangu mimi, ningeandika ndiyo hata mbele ya Redio na kipaza sauti. Lile moja lingenifikisha njano, sivyo? Wameniambia hapa. Redio ana njano. Wangenipima choo Februari ile ile.

Usije kwanza. Najua utataka kuja. Nitakuita mimi, nikiacha kuona uso wako pale mlangoni unasema vidonda.

Kaka yako


Nyumbani, 6 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo.

Hakukuita. Ulikuja siku ya mazishi bila kuitwa, ukalala kitandani kwangu siku tatu, ukaosha vyombo, ukakunja nguo zake zote, na hatukusema kitu. Mimi kunyamaza ni jina langu. Wewe sikujua kwamba unaweza.

Kochi la mwalimu mkuu limebaki upande mmoja umevaa, mwingine sponji iko nje. Redio amejaribu kulimaliza, kitambaa kimekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Mwalimu mkuu amelichukua hivyo hivyo.

Redio alipimwa choo mwezi wa tatu kwa kadi yake ya njano. Wakakuta kitu, wakampiga kamera, wakakitoa kabla hakijawa ugonjwa. Hakumwambia mtu hata mmoja, yeye, Redio. Miezi yote ile alikuwa anamwangalia Baba anapiga misumari amesimama, na hakusema. Amenieleza wiki iliyopita bandani, analia. Kwa hiyo hesabu yenu inafanya kazi, Shangazi. Nataka ujue kwamba naliona hilo. Naandika kwa uchungu lakini naliona.

Sijui bado kama Baba kweli aliiona damu kabla yangu na angesema hapana, au alisema vile ili kunisitiri. Nafua nguo za Mama tu sasa na nalifikiria hilo kila nikifua. Sitajua.

Kadi ya kijani bado iko ukutani. Jana simu ya Mama ililia, ndiyo namba tuliyoiandika kwenye fomu ya Baba. Ilikuwa kliniki, ujumbe unaojituma wenyewe: Ndugu mteja, uko Kundi la Tatu, endelea kutunza afya yako, tutakuona baada ya miaka mitano. Mama akaniomba nimsomee. Nikamwambia ni matangazo. Nimeanza na mimi, unaona.

Nilikuwa napanga barua zako kwenye boksi la viatu, nikazisoma upya toka ya kwanza. Ile ya Februari umeandika kwamba ulipigwa kamera mwaka juzi, haiumi. Niliipita siku ile bila kuiona. Wewe una miaka arobaini na mitatu. Mwaka juzi ulikuwa na arobaini na mmoja. Na kwenye barua hiyo hiyo umesema walio chini ya umri hamuwagusi, isipokuwa wenye ugonjwa huu katika ukoo.

Kwa hiyo nakuuliza, na safari hii siulizi tu. Ulipojaza fomu yako, Shangazi, swali la tatu uliandika nini?

Kimya


Ofisini, 19 Oktoba

Kimya,

Niliandika ndiyo.

Walikuta vinyama viwili. Wakavikata siku hiyo hiyo. Ilichukua robo saa.

Shangazi yako